Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa Au Pair katika Nyumba ya Wajerumani

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu vijana wanaokwenda Ujerumani kwa mpango wa au pair, ambao wengi hutamka "opea". Kijana huishi na familia kwa miezi 6 hadi 12, husaidia kuangalia watoto na kazi nyepesi za nyumba, naye hupewa chumba, chakula, posho na nafasi ya kujifunza lugha. Majina ya Kijerumani tumeyaacha yalivyo pale ambapo msomaji atakutana nayo kwenye karatasi.

Pesa za wakili

*Nawasalimu wahariri. Binti yangu ana miaka 20 na amemaliza kidato cha sita. Amepata familia ya Munich mtandaoni, wameandikiana wiki mbili, na wamemwahidi euro 900 kwa mwezi. Sasa wanataka tutume euro 350 za wakili wa viza, tutarudishiwa akifika. Ndugu wako tayari kuchanga. Tutume? — Mama wa Moshi*

Shikamoo mama. Msitume hata senti. Posho ya au pair Ujerumani kwa miaka hii ya karibuni ni euro 280 kwa mwezi. Anayeahidi mara tatu ya hapo ama hajui mpango wenyewe ama anajua sana anachokifanya. Na viza hii haihitaji wakili. Mwombaji mwenyewe hupeleka ubalozini pasipoti, fomu, mkataba uliosainiwa, barua ya kujieleza na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, akalipa ada ya euro 75 hapo hapo ubalozini. Kwenye mahojiano huulizwa maswali mepesi kwa Kijerumani, kwa hiyo cheti cha kubahatisha hujulikana mapema. A1 inasomwa na kufanyiwa mtihani Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, Dar es Salaam na Nairobi.

Masharti mengine yajueni kabla hamjachanga lolote. Binti awe ametimiza miaka 18 na awe hajafikisha 27 anapoomba viza. Familia iwe na mtoto wa chini ya miaka 18, na Kijerumani kiwe lugha ya nyumba. Wengi hukwama hapa: shangazi aliyeolewa Ujerumani hawezi kumwita mpwa wake kwa njia hii, kwa sababu au pair hatakiwi kuwa ndugu wa familia. Vilevile, kama Kijerumani si lugha ya mama kwa wenyeji, hawaruhusiwi kuchukua kijana kutoka nchi yao ya asili.

Gharama zinazomhusu binti ni kozi, mtihani, pasipoti, viza na kwa kawaida tiketi ya ndege, ingawa familia nyingine huchangia nusu wakiombwa. Wakala wa Ujerumani haruhusiwi kumtoza au pair zaidi ya euro 150. Wakala wa mjini kwetu anayetaka zaidi, na aandike kila shilingi inakwenda wapi.

Mkitaka kuipima familia, ombeni simu ya video ambamo watoto wanaonekana na mtu anazunguka na kamera hadi jikoni. Ombeni anwani kamili ya nyumba muitafute kwenye ramani. Matapeli huwa na kamera iliyoharibika siku zote.

Niulize nini kabla ya kusaini?

*Nimeongea na familia kwa video mara mbili. Ni watu wazuri, watoto wanacheka. Mkataba umefika. Kuna la kuuliza zaidi, bila kuonekana mjeuri? — Msomaji, Nakuru*

Lipo, na ni vizuri wakikuona mjeuri kidogo sasa kuliko mwezi wa tatu. Kwetu mgeni haulizi atalala wapi, hungoja kuonyeshwa. Ujerumani asiyeuliza huonekana ameridhika, na hakuna atakayerudi kumfafanulia.

Anza na ratiba. Usikubali neno "kusaidia asubuhi na mchana". Waombe waandike wiki moja ya kweli, Jumatatu hadi Jumapili, saa kwa saa, kisha ujumlishe mwenyewe. Kikomo ni saa 6 kwa siku na 30 kwa wiki, na kubaki na watoto usiku kumo ndani ya hesabu. Chukua mfano wa kawaida: saa moja kasorobo hadi saa mbili na robo asubuhi unaamsha watoto, unawapa kifungua kinywa, unawapeleka chekechea, saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili na nusu unawachukua na kukaa nao mpaka chakula cha jioni. Hizo ni saa 5 kwa siku, saa 25 kwa siku tano. Zimebaki saa 5 tu za wiki nzima. Wazazi wakitaka kutoka Jumatano usiku kwa saa mbili na nusu, siku hiyo inafika saa saba na nusu na kikomo kimevunjwa, hata kama jumla ya wiki iko sawa. Ama alasiri hiyo mmoja wao awahi nyumbani, ama matembezi yahamie Jumamosi. Familia nyingi hazina nia mbaya, ila hazijawahi kukaa chini na kalamu.

Kwenye ratiba hiyo hiyo zionekane jioni nne huru kila wiki, siku moja na nusu ya mapumziko, na walau Jumapili moja nzima kwa mwezi. Likizo ni wiki nne kwa mwaka mzima, na posho huendelea kulipwa.

Chumba kiwe chako peke yako, ndani ya makazi ya familia, chenye dirisha, mlango wa kufunga na kipasha joto. Kipimo kinachotumika ni mita za mraba 8 kwenda juu. Omba picha. Kitanda kwenye chumba cha mtoto mchanga si chumba, maana yake umeajiriwa usiku kucha.

Kozi ya lugha: familia huchangia euro 70 kwa mwezi. Kozi kamili mara nyingi huzidi hapo na kinachozidi ni chako, kwa hiyo uliza shule ya jirani inatoza kiasi gani, iko kilomita ngapi, na basi la mwisho la usiku ni saa ngapi. Katika kijiji ambako basi la mwisho ni saa moja jioni, zile jioni nne huru utazikalia chumbani.

Bima tatu hulipwa na familia: ya afya, ya ajali, na ile inayofidia ukiharibu mali ya mtu. Ya afya ianze siku unayotua. Nyingi za bima hizi hazigusi ugonjwa ulioanza kabla ya safari, na kwa meno hulipia kuondoa maumivu basi. Jino linalokusumbua litengenezwe Nakuru.

Wakitaka uendeshe gari, wajue kwamba leseni ya Kenya au Tanzania inatumika kwa miezi 6 tangu uhamie, tena na tafsiri yake. Baada ya hapo ni mitihani upya, nayo ni ghali.

Na jambo dogo litakalokuumbua wiki ya kwanza: Mjerumani akisema "halb acht", neno kwa neno ni "nusu nane", lakini maana yake ni saa moja na nusu, si saa mbili na nusu. Wamechelewesha watoto shule wengi kwa neno hilo.

Mbwa, nguruwe na swala

*Asalaam alaikum. Mimi ni binti wa Kiislamu, navaa hijabu. Familia iliyonikubali ina mbwa, wanakula nguruwe na wanakunywa mvinyo mezani. Hawajaniuliza lolote. Niseme sasa au nikishafika? — Binti wa Kisauni, Mombasa*

Waalaikum salaam. Sema sasa, na useme kwa vitu badala ya imani. "Mimi ni Mwislamu" haimwambii mwenyeji afanye nini. "Sili nguruwe, nahitaji kikaango changu, na naswali dakika kumi mara tano kwa siku" anaielewa mara moja, kwa sababu Ujerumani watu wasiokula hiki au kile wamejaa kila nyumba.

Wakati wa swala ndio utakaokushangaza, kwa sababu sisi wa pwani tumezoea jua lisilobadilika. Hamburg, mwezi wa Juni, jua huzama karibu saa nne usiku. Desemba huzama karibu saa kumi jioni, na hapo adhuhuri, alasiri na magharibi zote hubanana ndani ya saa nne hivi za mchana, saa zile zile unazowachukua watoto shule. Panga na mama wa nyumba ni dakika zipi watoto watakaa na kitabu.

Kwenye chakula jihadhari na Schinken, Speck na Schmalz, ambavyo kwa kawaida ni vya nguruwe. Salami mara nyingi huwa nayo pia, na peremende laini za watoto hutiwa jelatini, mara nyingi ya nguruwe. Nyama ya halali hupatikana kwenye maduka ya Waturuki karibu kila mji wa wastani. Amua pia mapema kama uko tayari kumpakia mtoto mkate wenye soseji ya nguruwe kwenye mkoba wa shule. Wapo wanaokubali kwa kutumia kisu maalumu na wapo wasiokubali, ila lisiwe jambo la kugunduliwa saa moja asubuhi.

Kumtembeza mbwa huhesabiwa miongoni mwa kazi nyepesi. Kama hutaweza, liandikwe kwenye mkataba. Na kama hujui kuogelea, waambie hata wasipouliza. Kiangazi watoto hupelekwa ziwani, na anayebaki nao ukingoni mara nyingi ni wewe.

Wiki mbili za kwanza

*Naondoka mwezi ujao. Nianze na lipi nikifika? — Msomaji, Arusha*

Anza na Anmeldung, yaani kujiandikisha kama mkazi, ndani ya siku 14 tangu uhamie. Unakwenda ofisi ya manispaa na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, ambayo familia huijaza. Bila cheti cha kujiandikisha, benki na ofisi ya uhamiaji vitakusumbua. Siku hiyo hiyo ombeni miadi ya Ausländerbehörde, ofisi inayotoa kibali cha ukaazi. Angalia tarehe ya mwisho ya viza yako, kwani katika miji mikubwa miadi huchukua wiki nyingi.

Beba cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, asili na nakala zilizothibitishwa. Havitaulizwa sasa, vitaulizwa mwaka ukikaribia kuisha, na kuvifuatilia kutoka mbali ni adhabu. Koti zito usinunue Arusha. Waulize wenyeji kama lipo la kuazima, au litafute kwenye soko lao la mitumba. Kuwa na euro 150 hadi 200 za kwako, kwa sababu posho ya kwanza huenda ikatoka mwisho wa mwezi.

Na kaa na ndugu mzungumze habari ya hizo euro 280. Nyumbani watu husikia "Ujerumani" wakaanza kuhesabu mabati. Hiyo ni posho ya sabuni, simu, nauli na kinachozidi kwenye kozi. Kila mwezi unaomtumia mtu euro 150 ni mwezi ambao hukusoma.

Saa 45 na koti la zawadi

*Niko karibu na Kassel tangu Machi. Mkataba unasema saa 30. Asubuhi naandaa watoto watatu, mchana napiga pasi nguo za nyumba nzima hadi mashati ya baba, jioni nasugua bafu, na Ijumaa na Jumamosi nabaki na watoto wazazi wakitoka. Sasa bibi yao ameanguka, kaletwa hapa, na naambiwa nimwogeshe. Nikijumlisha ni saa 45. Sijawahi kusema kitu kwa sababu ni wakarimu, hata koti walininunulia. Nikisema si wataniona sina shukrani? — Mchovu wa Kassel*

Pole sana dada. Koti ni zawadi, ulishalishukuru siku ulipopewa. Halina uhusiano na saa 15 za kila wiki.

Tenganisha mambo matatu. La bibi ni la kukataa kabisa: kuuguza wazee na wagonjwa hakumo katika kazi za au pair, na ukimwangusha bafuni lawama ni yako. La pili ni kazi za nyumba. Kufua na kupiga pasi nguo za watoto, kuandaa chakula chepesi, kupanga vyumba vyao, kuingiza vyombo kwenye mashine: hayo ni yako. Usafi mkubwa, madirisha, bustani na mashati ya baba si yako. La tatu ni usiku. Saa unazokaa na watoto zinahesabiwa hata wakiwa wamelala fofofo, kwa kuwa huwezi kutoka. Kinachobaki nje ya hesabu ni kula na familia, kuosha sahani yako na kusafisha chumba chako.

Sasa chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila siku: umeanza saa ngapi, umeishia saa ngapi, ulifanya nini. Usipunguze wala usiongeze. Halafu omba kikao, usiseme ukiwa mlangoni na viatu mkononi. Sentensi moja inatosha: "Können wir am Sonntag um 20 Uhr über meinen Wochenplan sprechen?" Ni kusema, tunaweza Jumapili saa mbili usiku kuzungumzia ratiba yangu ya wiki. Watoto wakishalala, weka daftari mezani na uanze na tarakimu: wiki ya kwanza 44, ya pili 46, mkataba 30. Machozi, kama yapo, yaje baadaye. Kisha peleka pendekezo la nini kipungue: pasi ya watu wazima itoke, bafu litoke, usiku ubaki mmoja kwa wiki, bibi apatiwe mhudumu. Mjerumani aliyeletewa tatizo pamoja na pendekezo hulijadili kama hesabu. Aliyeletewa kisirani cha wiki nzima hajui pa kuanzia.

Linaloharibu kesi za namna hii mara nyingi ni lugha yetu ya adabu. Mama wa nyumba anauliza, "Unaweza pia kusugua bafu?" nawe unajibu "kein Problem", huku uso umejikunja ukitumaini atauona. Hatauona. Amesikia kwamba hakuna tatizo, na bafu limeshakuwa kazi yako. Kwetu "haya" inaweza kuwa ndiyo, labda, au nimekusikia ila sipendi. Kwao "ja" ni ahadi. Kosa jingine ni kunyamaza miezi mitano na mwezi wa sita kulipuka kwa ujumbe mrefu saa sita usiku. Familia hushtuka kwa dhati, kwa sababu mpaka jana yake kila kitu kilikuwa kein Problem.

Mkikubaliana, ratiba mpya iandikwe, isainiwe na pande zote, ibandikwe kwenye friji, na mpange siku ya kuipitia tena baada ya wiki mbili.

Isipowezekana, njia ipo lakini ina mpangilio. Kama ulipitia wakala, mwandikie kwanza. Mashirika ya IN VIA, la Kikatoliki, na VIJ, la Kiprotestanti, yana washauri wa mambo ya au pair. Mikataba mingi hutaka notisi ya wiki mbili kutoka upande wowote, na katika wiki hizo chumba, chakula na posho vinaendelea. Tafuta familia mpya ukiwa bado una paa. Kibali chako kimefungwa kwenye familia uliyoko, kwa hiyo Ausländerbehörde lazima iarifiwe na ikubali kabla hujaanza kwingine. Miezi iliyopita hairudi: ukiwa umetumia 5, familia mpya itakupata kwa 7.

Hayo ni ya ugomvi wa ratiba. Ukipigwa, ukiguswa usivyotaka au wakikunyang'anya pasipoti, habari ya notisi isahau. Toka, piga 110 kwa polisi. Kwa wanawake kuna 116 016, bure, usiku na mchana, kwa lugha nyingi. Na pasipoti haiwekwi kwenye kabati la mtu mwingine hata kwa wema.

Mtoto ananitemea mate

*Mvulana wa miaka 4 akikasirika ananitemea mate na kunipiga mateke. Mama yake anacheka tu. Kwetu angeshanyooshwa. Nifanye nini? — Msomaji aliyeko Leipzig*

Usimguse kwa hasira, hata kofi la mkononi. Tangu mwaka 2000 sheria ya Ujerumani, kifungu cha 1631 cha sheria ya madai, inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na udhalilishaji umo humo. Kumfungia chumbani au kumnyima chakula kutakurudisha nyumbani kama kofi lenyewe.

Linalofanya kazi ni la kuchosha: piga goti macho yenu yakutane, shika mkono wake bila kuubana, sema kwa sauti ya chini "Stopp. Ich möchte das nicht", yaani acha, sitaki hivyo, kisha songa mbele na mlichokuwa mkifanya. Rudia kwa maneno yale yale kila mara. Mtoto wa miaka 4 hupima kama kesho utasema lile lile. Jioni mweleze mama lililotokea, umwombe asicheke mbele ya mtoto. Mwombe pia kanuni za nyumba kwa maandishi: dakika ngapi za katuni, peremende lini, kulala saa ngapi. Mtoto akigundua zako ni tofauti na za mama, umekwisha.

Mengine ya watoto, kwa haraka. Chekechea haimtoi mtoto kwa mtu ambaye wazazi hawajamwandikisha, kwa hiyo jina lako lipelekwe kabla ya siku ya kwanza, na ubebe kitambulisho. Kwenye gari, mtoto wa chini ya miaka 12 na aliye chini ya sentimita 150 hukaa kwenye kiti chake, hata safari ya dukani. Kwa baiskeli, asiyetimiza miaka 8 hupita njia ya waenda kwa miguu, na wewe unaruhusiwa kumfuata humo humo. Picha za watoto usiweke status wala TikTok bila ruhusa ya wazazi. Au pair wamefukuzwa kwa picha moja ya siku ya kuzaliwa.

Dirisha

*Mama mwenyeji ananuna kila mara kuhusu dirisha langu. Nikifunga kosa, nikifungua kosa. — Msomaji wa Iringa, sasa Freiburg*

Kitasa cha dirisha lao kina mikao mitatu: chini ni kufunga, katikati ni kufungua wazi, juu ni kuliegemeza kidogo. Wewe huenda unaliegemeza mchana kutwa. Wakati wa baridi hilo ndilo baya kuliko yote: hewa hubadilika kidogo sana, ukuta unapoa, mvuke wa pumzi na bafu unatua kwenye kona baridi, na baada ya wiki kadhaa kuna kuvu jeusi nyuma ya kabati. Funga kipasha joto, fungua wazi kabisa dakika 5 hadi 10, funga, washa tena. Mara mbili au tatu kwa siku, na mara tu baada ya kuoga. Nguo mbichi usianike chumbani kila mara. Zile namba 1 hadi 5 za kipasha joto ni kiwango cha joto, si kasi. 3 ni kama nyuzi 20, na ukiweka 5 chumba hakipati joto upesi zaidi, kinapitiliza tu na kuacha bili.

Kwa kuwa umetaja kununa: chupa za vioo usizipeleke kontena siku ya Jumapili, majirani wanapumzika. Na kama chakula chao cha jioni, mkate na jibini baridi, kinakuacha na njaa, sema. Jitolee kupika jioni moja kwa wiki. Pilau isiyo na pilipili haijawahi kurudishwa jikoni na mtoto. Unga mweupe wa ugali utafute kwenye maduka ya Waafrika mjini. Ule wa njano wa dukani kwao, Maisgrieß, hushika lakini una chengachenga.

Baada ya miezi 12

*Mkataba wangu unaisha Mei. Naweza kuongeza mwaka, au kupata familia nyingine? — Msomaji aliyeko Bremen*

Hapana kwa yote mawili. Miezi 12 ndiyo mwisho, na mtu hawi au pair Ujerumani mara mbili, hata kama mara ya kwanza alikaa miezi 7. Njia wanazopita wengi ni mbili. Ya kwanza ni mwaka wa kujitolea: FSJ kwa walio chini ya miaka 27, au BFD isiyo na kikomo cha juu cha umri, katika nyumba za wazee, hospitali au chekechea, kwa posho. Ya pili ni Ausbildung, mafunzo ya kazi yenye mshahara. Ya uuguzi ni miaka 3, na waajiri hutaka Kijerumani cha ngazi ya kati, B1 au B2, na vyeti vya shule vilivyotambuliwa. Hapo ndipo zile nakala zilizothibitishwa zinapohitajika.

Tatizo lako ni kalenda. Ausbildung nyingi huanza Agosti hadi Oktoba, na wewe unamaliza Mei. Pengo hilo huwezi kulijaza kwa kibarua. Ndiyo maana wengi huingia BFD kwanza, wakasukuma Kijerumani chao hadi B2 wakiwa humo. Kuanzia sasa hesabu nyuma: maombi yatoke mwezi wa saba wa mkataba wako, mkataba mpya uwe mkononi mwezi wa tisa au wa kumi, na ombi la kibali kipya lifike Ausländerbehörde kabla kibali cha sasa hakijaisha. Likifika kabla, unabaki kihalali hadi wajibu. Likifika siku moja baada ya tarehe hiyo, ulinzi huo hauna uhakika tena. Ukiwasilisha, omba karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, inayoonyesha kwamba uko kihalali ukisubiri jibu, na uliza papo hapo kama inakuruhusu kusafiri nje ya Ujerumani kabla hujakata tiketi ya kuja kusalimia nyumbani.